Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Exorcist II: The Heretic, Sehemu ya Pili Iliyovunja Watu Moyo

Maswali haya yametoka kwa watu wanaohudhuria maonyesho yetu ya filamu ya Jumamosi jioni katika ukumbi mdogo huko Pasua, Moshi, ambako tuna projekta moja, ukuta uliopakwa chokaa na viti visivyofanana. Kila tunapoonyesha filamu ya kwanza, The Exorcist ya mwaka 1973, watazamaji huondoka kimya, na wiki inayofuata hurudi wakidai sehemu ya pili, kwa sababu kwetu sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, filamu tamu haiwezi kuishia sehemu moja. Tukishawaonyesha sehemu ya pili, hawaondoki kimya tena. Wanabaki kuuliza, na wengine wanadai kiingilio chao kirudishwe. Majibu yafuatayo yanafichua mwisho wa filamu zote mbili.

Filamu hii inahusu nini hasa?

Exorcist II: The Heretic ilitoka nchini Marekani mwezi Juni mwaka 1977, chini ya kampuni ya Warner Bros., ikiongozwa na John Boorman. Inamrudisha Regan, yule mtoto aliyepagawa na pepo katika filamu ya kwanza, akiwa sasa ni msichana anayeishi New York na kutibiwa na daktari wa akili. Padri Philip Lamont, ambaye anaigizwa na Richard Burton, anatumwa na kardinali kuchunguza kifo cha Padri Merrin, yule mzee aliyefia chumbani akimtoa pepo mtoto huyo. Uchunguzi wake unampeleka Afrika kumtafuta mtu anayeitwa Kokumo, ambaye Merrin aliwahi kumtoa pepo huyo huyo alipokuwa mvulana. Mwisho wake ni kurudi katika nyumba ya zamani ya Georgetown, ambako nyumba inapasuka, nzige wanajaa, na Regan anawatuliza kwa kuzungusha mkono.

Mtu akisoma muhtasari huo anaweza kudhani kwamba ni filamu nzuri. Hata sisi tulidhani hivyo.

Je, ni lazima nitazame ya kwanza kabla ya hii?

Ndiyo. Bila ya kwanza hutaelewa Merrin ni nani, na hutaelewa kwa nini watu wanakasirika.

Kwa nini filamu ya kwanza ilitisha kiasi kile?

Swali hili linatangulia mengine, kwa sababu anayeelewa nguvu ya filamu ya kwanza ataona mwenyewe udhaifu wa ya pili.

Wengi hujibu upesi kwamba ilitisha kwa sababu ya uso wa mtoto ulioharibika, kichwa kinachogeuka nyuma na sauti ile nzito, ambayo kwa kweli ilitolewa na mwigizaji mwingine, Mercedes McCambridge. Mambo hayo yana sehemu yake. Hata hivyo, katika ukumbi wetu watu huanza kuhangaika mapema zaidi, pale mama wa mtoto anapozunguka kutoka kwa daktari mmoja hadi mwingine. Mtoto analazwa kitandani, anachomwa sindano shingoni kwa ajili ya kipimo, mashine inagonga, na majibu yanakuja kwamba hakuna kinachoonekana. Mara ya mwisho tulipoionyesha, mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele alitoka nje wakati wa kipimo hicho, wala hakusubiri pepo aonekane. Yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto hospitali akaambiwa vipimo ni safi ilhali mtoto anateketea anaijua hofu hiyo, na haina uhusiano wowote na vipodozi vya waigizaji.

Pili, karibu kila jambo zito linatokea katika chumba kimoja. Mwongozaji William Friedkin aliagiza chumba hicho kijengwe studio na kupozwa kwa mitambo ya baridi hadi pumzi za waigizaji zikawa zinaonekana kama moshi. Ile baridi si ya kuigiza. Mtazamaji anafungiwa humo pamoja na mapadri wawili waliochoka, na hakuna mahali pa kukimbilia.

Tatu, filamu haisemi kwa nini pepo alimchagua mtoto huyu. Palikuwa na mazungumzo ya mapadri kwenye ngazi ambayo yangetoa jibu, kwamba lengo la pepo si mtoto bali ni sisi tunaotazama, ili tukate tamaa. Friedkin aliyaondoa, ingawa William Peter Blatty, aliyeandika riwaya ya mwaka 1971 na mswada wa filamu yenyewe, aliyataka. Yalirudishwa katika toleo la mwaka 2000. Mimi naona Friedkin alikuwa sahihi tangu mwanzo, ingawa wenzangu wawili katika kamati hawakubaliani nami na tumeshabishana hadi mlinzi akaomba kufunga geti.

Basi sehemu ya pili ilikosea wapi?

Ilikosea kwa kuchukua mambo matatu niliyoyataja na kuyatupa yote, kisha ikajaza nafasi yake maelezo.

Badala ya chumba kimoja, tunapewa jengo refu la New York, Vatikani, kliniki ya vioo, jangwa, miamba na anga. Badala ya mama anayehangaika, tunapewa daktari mtulivu na padri mwenye uso mgumu. Na badala ya kitendawili tunapewa jibu: kwamba Regan, kama Kokumo, ana karama ya kuponya, na kwamba uovu huwashambulia hasa watu wa namna hiyo kwa sababu wao ndio hatua inayofuata ya ukuaji wa roho ya binadamu. Wazo hili lina asili ya heshima. William Goodhart, ambaye jina lake limeandikwa kama mwandishi wa mswada, alivutiwa na fikra za Teilhard de Chardin, padri Mjesuiti wa Ufaransa aliyekuwa pia mtaalamu wa visukuku, ambaye aliamini kwamba fahamu za wanadamu zinasogea kuelekea umoja. Ni wazo ambalo mtu anaweza kulisoma jioni nzima kwa faida. Tatizo ni kwamba hofu na ufafanuzi havikai nyumba moja. Mtoto wa filamu ya kwanza angeweza kuwa mtoto wa jirani yako. Huyu wa pili ni mteule, na mteule hamuogopei kama unavyomuogopea mwanao, kwa sababu unajua tangu mwanzo kwamba hadithi inamhitaji.

Ikumbukwe pia kwamba Boorman hakuipenda filamu ya kwanza. Aliwahi kupewa nafasi ya kuiongoza akaikataa, kwa kuwa aliona ni hadithi ya mtoto anayeteswa. Alipokubali kuongoza ya pili, alikusudia kuijibu ya kwanza, atengeneze filamu kuhusu wema. Nia hiyo siwezi kuilaumu. Lakini watu waliokuwa wamepanga foleni mwaka 1977 hawakuwa wameitiwa majibu. Walikuwa wameitiwa hofu ile ile waliyoionja miaka mitatu na nusu kabla, na mabango ndiyo yaliyowaahidi hivyo. Ni sawa na mtu aliyealikwa kula mtori, akafika mezani akakuta mhadhara kuhusu kilimo cha migomba.

Kwa nini mama yake Regan hayumo?

Ellen Burstyn, aliyeigiza nafasi hiyo, alikataa kurudi. Friedkin na Blatty nao hawakushiriki. Mwigizaji Lee J. Cobb, aliyekuwa mpelelezi Kinderman, alifariki dunia mwaka 1976. Linda Blair alirudi kama Regan, lakini kwa sharti kwamba asipakwe tena vipodozi vya pepo, na kwa hiyo pale unapomwona Regan akiwa na sura ya kutisha, aliyevaa sura hiyo ni mtu mwingine. Jambo hilo linaonekana wazi hata kwa mtazamaji wetu wa mstari wa nyuma.

Nafasi ya mama inajazwa na Sharon, yule katibu wa mama huyo katika filamu ya kwanza, ambaye sasa anamlea msichana. Filamu ingeweza kupata uhai wake kwake yeye, kwa maana ni mlezi asiye na damu na mtoto, anayemwogopa na asiyeweza kumwacha. Wanampa mistari michache, kisha mwishoni wanamchoma moto.

Kile chombo cha taa zinazowaka na kuzima ni nini?

Ni mashine ya kubuni. Katika filamu inadaiwa kuwaunganisha watu wawili kwa usingizi wa kiakili, ili mmoja aone kumbukumbu za mwingine. Wanavaa mikanda kichwani, taa inamulika, sauti inashuka taratibu, na Louise Fletcher, anayeigiza daktari wa Regan na ambaye mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ametwaa tuzo ya Oscar, analazimika kuyatamka maelezo yake kwa uso mkavu. Tukio la kwanza la mashine hiyo ni refu mno. Vijana wetu wameipa jina la jenereta, na kila taa inapoanza kumulika kuna mmoja lazima aseme umeme umerudi.

Je, ni kweli kwamba hata Marekani watu walicheka?

Ni kweli. Ilipotoka, watazamaji waliicheka waziwazi katika matukio yaliyokusudiwa kutisha, na Blatty mwenyewe alikiri kwamba alikuwa miongoni mwa waliocheka. Boorman alilazimika kuikata upya wakati tayari inaonyeshwa, akabadilisha na mwisho wake, na ndiyo maana yapo matoleo yanayotofautiana kwa dakika kadhaa na kwa hatima ya Padri Lamont. Ukibishana na mwenzako kuhusu iwapo Lamont anakufa au anaondoka na Regan, huenda nyote mko sahihi.

Hata hivyo isisemwe kwamba ilipata hasara. Iligharimu takriban dola milioni 14, kiasi kikubwa mno kwa wakati huo, na ikaingiza takriban dola milioni 30 Marekani peke yake. Kilichoanguka ni heshima. Filamu ya kwanza ilikuwa imependekezwa kuwania tuzo 10 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora ya mwaka, ikashinda 2. Kwa filamu ya kutisha halikuwa jambo la kawaida, na kila mtu aliipima ya pili kwa kibaba hicho.

Lazima niongeze kwamba utengenezaji wenyewe ulikuwa na mikosi. Boorman aliugua ugonjwa wa mapafu unaotokana na ukungu wa kwenye vumbi, kazi ikasimama kwa wiki kadhaa, na mswada uliendelea kuandikwa upya huku kamera zikizunguka. Mikosi hiyo inaeleza kwa nini baadhi ya mazungumzo hayana mbele wala nyuma. Wazo lenyewe la filamu lilikuwa limeshachaguliwa kabla mtu yeyote hajaugua.

Afrika inayoonyeshwa humo ni wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira zaidi, hasa na wageni wetu wanaotoka Arusha. Jibu fupi ni kwamba ni California. Kijiji cha juu ya miamba, kanisa lililochongwa ndani ya jiwe, mji wa udongo wenye vichochoro, vyote vilijengwa katika viwanja vya studio. Kwa mujibu wa hadithi tuko Ethiopia, na ni kweli kwamba nchi hiyo ina makanisa yaliyochongwa katika mwamba, yale ya Lalibela yakiwa mashuhuri kuliko yote. Waliojenga mandhari walikuwa mafundi wazuri, na kwa macho tu kazi yao inapendeza. Udongo wake, hata hivyo, ni wa rangi ya chungwa kila mahali, na anga haina jua bali ina taa, na watu wa kijiji hawana kazi yoyote isipokuwa kukimbia, kupiga mawe na kupiga kelele.

Chukua jina la Kokumo. Jina hilo ni la Wayoruba wa Nigeria, na maana yake ni kwamba huyu hatakufa tena. Hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa mfululizo, ambaye huaminika kuwa ni yule yule anayekuja na kuondoka. Ni jina zito lenye machozi ya wazazi ndani yake, na lingeifaa sana hadithi ya mtoto aliyenusurika kwa pepo. Ila halina lolote la kufanya katika nyanda za juu za Ethiopia, umbali wa maelfu ya kilomita. Sidhani kama mtu yeyote angemwita mvulana wa kijiji cha Uskochi jina la Kigiriki kisha akatarajia watazamaji wasiulize. Kwetu, ambako jina tu linatosha kukuambia mtu anatoka Machame au Rombo, kosa hilo linasikika kama sahani inayoanguka.

Wenye umri mkubwa hapa huleta mfano mwingine. Hatari!, ile filamu ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa hapa hapa kwetu, maeneo ya Arusha, Manyara na Ngorongoro, ikiwa na John Wayne akikimbiza vifaru halisi. Nayo ina dosari zake katika namna inavyowaona Waafrika, tena si ndogo. Lakini mlima unaoonekana ni mlima wenyewe, na vumbi linaloingia kwenye meno ya waigizaji ni vumbi la nchi hii.

Lipo tukio moja la Afrika ambalo nalipenda. Lamont anatembea juu ya miiba ya chuma kumfikia Kokumo aliyevaa mavazi ya nzige, anaanguka, kisha anaamka na kujikuta ndani ya maabara, mbele ya mwanasayansi mpole mwenye koti, ambaye ndiye Kokumo wa kweli, James Earl Jones. Kwa dakika hiyo moja filamu inakiri kwamba ile Afrika ya mavazi na miiba ilikuwa ndoto ya padri. Laiti ingelishikilia jambo hilo. Inaliacha hapo hapo na kurudi kwenye taa zake.

Nzige wanaingiaje kwenye habari za mapepo?

Katika filamu, pepo anatembea kwa mabawa ya nzige, na Kokumo wa maabara anafuga nzige akitafuta namna ya kumpata jike mmoja mwema, ambaye uzao wake utakataa kugeuka kuwa kundi la uharibifu. Anaeleza kwamba mabawa yakigusana, nzige mtulivu hubadilika tabia. Hapo watazamaji wetu huacha kucheka, kwa sababu hilo wanalijua.

Mabadiliko hayo ni ya kweli. Tangu mwaka 1921 mtaalamu Boris Uvarov alikuwa ameeleza kwamba nzige anayeishi peke yake na nzige wa kundi ni mdudu mmoja mwenye hali mbili. Miaka mingi baada ya filamu, watafiti walionyesha kwamba kinachombadilisha nzige wa jangwani ni pamoja na kuguswaguswa miguu ya nyuma na wenzake, na mwaka 2009 wakaripoti kwamba kemikali ya mwilini iitwayo serotonini ndiyo inayowasha badiliko hilo, ndani ya saa chache tu. Kwa hiyo filamu ilikosea kiungo lakini haikukosea wazo. Msongamano unamgeuza mpole kuwa mharibifu.

Waliokuwa Simanjiro na Longido mwanzoni mwa mwaka 2021, nzige wa jangwani walipoingia kaskazini mwa nchi yetu na serikali ikalazimika kutumia ndege kunyunyizia dawa, hawahitaji kuelezwa jinsi mbingu inavyobadilika rangi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba kundi la kilomita moja ya mraba linaweza kula kwa siku chakula cha watu 35,000. Mzee mmoja kutoka Mererani alituambia baada ya onyesho kwamba wao walipiga masufuria na madebe hadi mikono ikavimba, na akauliza kwa upole kwa nini yule msichana hakupewa hata debe. Kumuona Regan akizungusha kamba ya hewa juu ya kichwa chake na nzige wakaondoka kulimchosha mzee yule kuliko kumkasirisha.

Pazuzu, yule pepo wa filamu hizi, ni wa kweli au walimbuni?

Jina na sura yake vimetoka katika imani za watu wa kale wa Mesopotamia, yaani Iraki ya leo. Alihesabiwa kuwa mfalme wa mapepo ya upepo, mwenye uso kama wa mbwa, mabawa na mkia wa nge. Jambo ambalo filamu hizi hazisemi ni kwamba sanamu zake ndogo zilivaliwa na wajawazito au kuwekwa nyumbani kama kinga, kwa kuwa aliaminika kumfukuza Lamashtu, aliyedhaniwa kuua watoto wachanga. Huyu adui wa watoto kwenye filamu, kwa wenyewe waliomtaja kwanza, alikuwa mbaya anayetumwa kumfukuza mbaya zaidi.

Je, padri anaweza kwenda kutoa pepo kwa uamuzi wake mwenyewe, kama Lamont?

Hawezi. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa Katoliki inataka ruhusa maalumu na ya wazi ya askofu wa mahali, na ruhusa hiyo hupewa padri mwenye uchaji, elimu, busara na maisha safi. Taratibu za ibada yenyewe ziliandikwa upya na kutolewa mwaka 1999, zikichukua nafasi ya zile zilizotoka mwaka 1614, nazo zinasisitiza kwamba kwanza ijulikane kama mtu si mgonjwa. Filamu ya kwanza inafuata jambo hili kwa uaminifu: Padri Karras, ambaye pia ni daktari wa akili, anabisha, anakusanya ushahidi, anakwenda kwa askofu, na askofu ndiye anayemtuma Merrin. Ucheleweshaji huo wote ndio unaobana roho. Katika ya pili, kardinali anamwondoa Lamont kwenye kazi, naye anaendelea tu kama mtu aliyepoteza kitambulisho lakini bado anaingia ofisini. Paroko mmoja aliyewahi kuhudhuria alisema huyo si padri, ni stelingi.

Sisi tumeona watu wakipandisha mapepo kwenye maombezi. Kwa nini filamu zitutishe?

Swali hili huletwa kwa kujiamini, na lina haki yake. Hapa Moshi, ukiishi karibu na uwanja wa mkutano wa injili, utasikia wanaolia, wanaoanguka na wachungaji wanaokemea kupitia spika hadi saa nne usiku, na watu wa Pwani watakueleza habari za kupunga pepo kwa ngoma na ubani, ambako pepo huulizwa jina lake na anachotaka. Mambo hayo yana umati, yana wimbo, yana watu wa kukushika usijiumize. Filamu ya kwanza inaondoa umati huo. Nyumba ni kubwa, mama ni tajiri, haamini dini yoyote, na hana shangazi wa kulala naye usiku. Nadhani ndiyo maana watu wetu, ambao hawashtuliwi na pepo, wanashtuliwa na ule upweke.

Sehemu ya pili haina umati wala upweke. Ina watu wanne wanaoelezana.

Je, hakuna chochote kizuri ndani yake?

Kipo. Muziki wa Ennio Morricone ni wa ajabu, hasa ule wenye sauti za watu zinazorukaruka juu ya ngoma, na tunaupiga wakati watu wanaingia ukumbini bila kuwaambia umetoka wapi. Picha za William Fraker za kuruka pamoja na nzige juu ya nchi ni nzuri. Lipo pia tukio tulivu ambapo Regan anazungumza na msichana mdogo asiyeweza kuongea, na mtoto anaanza kutamka. Anapoulizwa Regan amepatwa na nini, anajibu kwamba alikuwa na pepo lakini sasa ameondoka, kwa sauti ya mtu anayesema alikuwa na malaria. Ukumbi wote ulicheka hapo, na mara hii kicheko kilikuwa cha upendo.

Nikiruka hii, nitazame mwendelezo upi?

Tazama The Exorcist III ya mwaka 1990, ambayo Blatty aliiongoza mwenyewe kutokana na riwaya yake Legion. Inajifanya kana kwamba sehemu ya pili haikuwahi kutokea, na tukio lake la korido ya hospitali usiku limewahi kumfanya kijana mmoja wetu amwage karanga zote. Mwisho wake una ibada ya kutoa pepo iliyoongezwa kwa shinikizo la studio, na inaonekana.

Kuhusu zile za kueleza ujana wa Merrin, zipo mbili zenye hadithi ya karibu moja: ya Renny Harlin ya mwaka 2004, na ya Paul Schrader, ambayo ilipigwa kwanza, ikawekwa kabatini, kisha ikatolewa mwaka 2005. Zote zinadai kutokea Turkana, Kenya, lakini jangwa lake ni la Moroko. Kwa wapenzi wa swali la Afrika ni wapi, hapo pana chakula. Ile ya mwaka 2023 inamrudisha Ellen Burstyn kwa dakika chache, na wanaomsubiri watazame dakika hizo.

Naweza kuja na watoto?

Hapana, kwa filamu zote hizi. Tumeshamrudisha baba mmoja getini na tutamrudisha tena.

Mtaionyesha tena lini sehemu ya pili?

Mara moja kwa mwaka, daima Jumamosi inayofuata ile ya kwanza, na kiingilio ni nusu. Mwaka jana umeme ulikatika pale Lamont anapoanza kupanda miamba, na kwa dakika ishirini watu walikaa gizani wakisimuliana kilichowapata ndugu zao, mmoja Kiborloni, mwingine Himo, mwingine bweni la shule aliyosoma. Taa ziliporudi, hakuna aliyeomba tuendelee, nasi tukazima projekta.